Namna ya Kuipanga Jioni ili Mwili na Akili Vipumzike

Mstari wa ikweta hukatiza barabara ya Kampala kwenda Masaka pale Kayabwe, na kwa sababu hiyo jua letu halina msimu wa kuwahi wala wa kuchelewa: mwaka mzima, iwe Januari au Julai, hutua baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na muda mfupi baadaye giza limeshatanda. Hesabu ya saa za Kiswahili imejengwa juu ya jua hilohilo, ndiyo maana saa ya kwanza ya usiku tunaiita saa moja. Tunapewa takriban saa kumi na mbili za giza kila siku. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na hivyo hubaki saa tano hivi ambazo si za kazi ya mchana wala si za kulala. Mwongozo huu unahusu saa hizo tano, kwa kuwa nimeamini, baada ya kuzipoteza kwa miaka mingi, kwamba pumziko la mtu huandaliwa humo, na kwamba anayejitupa kitandani kabla ya kuliandaa hufumba macho huku moyo wake bado uko barabarani.

Mimi ni karani katika duka la jumla la vitambaa mjini Kampala, na nyumba yangu iko Kireka. Zamani nilikuwa nikifika nyumbani saa mbili na nusu usiku kichwa kinagonga, nikala chakula kizito saa nne, kisha nikalala na simu mkononi hadi saa sita. Asubuhi niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Muuguzi aliyenipima presha katika kituo cha afya cha jirani alikuta imeanza kupanda, lakini hakukimbilia dawa siku ile; aliniuliza jioni yangu huwa inakwendaje, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudi baada ya wiki sita nikiwa nimeibadili. Yafuatayo ndiyo niliyoyafanya, pamoja na sababu zake, kwa sababu nimeona kwamba mtu hudumu na tabia ambayo anaelewa inavyofanya kazi mwilini mwake.

Kuiacha kazi kazini

Anza kabla ya kutoka kazini. Tenga dakika kumi za mwisho, chukua karatasi, uandike kila jambo ambalo halijakamilika na hatua ya kwanza utakayoichukua kesho: mteja wa kupigiwa, deni la kudaiwa, mzigo wa kuhesabiwa upya. Akili hulishikilia jambo lisilowekwa mahali, ikalirudia na kulirudia kama mtoto anayeogopa kusahau alichotumwa dukani. Likishaandikwa, huliachia. Wenye vibanda sokoni wanaweza kulifanya hili wakati wa kuhesabu mauzo ya siku, na mama wa nyumbani anaweza kulifanya akingoja maji yachemke. Karatasi hiyo ibaki kazini au ndani ya mkoba, usiipeleke chumbani.

Kisha tembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mwendo wa haraka wa miguu unatosha kabisa. Kwa aliyekaa kwenye kiti mchana kutwa, njia rahisi ni kushuka steji moja kabla ya ile yake. Mimi hushuka Banda, na kutoka hapo hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika kama ishirini na tano. Mara nyingi teksi niliyoshuka bado huwa imekwama kwenye foleni ninapoipita. Ila usitembee kandokando ya barabara kuu ukiweza kuepuka. Hewa ya Kampala huwa chafu zaidi saa za asubuhi na jioni magari yanapojaa, jambo ambalo mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukilipima tangu mwaka 2015; kwa hiyo pita njia za ndani za mtaani, hata zikiwa ndefu kidogo. Mvua ikinyesha au giza likiwa si salama, fanya mazoezi chumbani. Aprili 2020, watu walipokatazwa kukimbia barabarani kwa makundi wakati wa korona, Rais Museveni alijionyesha kwenye video akifanya mazoezi ndani ya ofisi, bila viatu, akikimbia kutoka ukuta hadi ukuta na kupiga pushapu sakafuni. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Chumba cha hatua sita kinatosha.

Maliza mwendo wa kasi au mazoezi mazito angalau saa mbili kabla ya kulala, ili mapigo ya moyo yapate muda wa kushuka.

Beseni la miguu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo zoea lililonisaidia kuliko yote na ndilo watu wanalolidharau.

Nilikulia Walukuba, Jinja, mtaa wa makabila mengi ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha uwanjani na bombani. Bibi yangu alikuwa na beseni la bati lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni, ambalo hakukubali lifuliwe nguo wala liogeshewe mtoto. Lilikuwa la miguu tu. Jua likishatua aliketi juu ya kigoda mlangoni, akamimina maji ya birika yaliyochemka juu ya maji baridi ya jerikeni, akachovya kiwiko, akangoja, akachovya tena. Kiwiko kilipoweza kutulia ndani ya maji, ndipo alipotia konzi ya chumvi na majani ya mchaichai, ambao Waganda huuita kisubi, akiwa ameyafikicha mkononi mpaka harufu yake ikajaa kibarazani. Kisha aliingiza miguu yote miwili, akavuta lesu lake likafunika magoti pamoja na beseni, na kwa muda wote huo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Bibi hakujua kueleza kwa nini alilala fofofo, lakini sababu inajulikana. Maji ya uvuguvugu hutanua mishipa ya damu ya miguuni, damu nyingi zaidi ikapita karibu na ngozi, na baada ya miguu kutolewa joto la ndani ya mwili huanza kushuka kidogo kidogo. Kushuka huko kwa joto ni miongoni mwa ishara ambazo ubongo huzitumia kuleta usingizi. Ndiyo maana wakati una maana yake: oga maji ya moto au loweka miguu saa moja hadi mbili kabla ya kulala. Ukifanya hivyo dakika tano kabla ya kupanda kitandani, mwili utakuwa bado una joto na utageukageuka.

Utaratibu ni huu. Maji yafike juu ya vifundo vya miguu. Lita tano au sita zinatosha beseni la kawaida, kwa hiyo hata mahali ambapo maji ya jerikeni hununuliwa gharama si kubwa. Joto liwe kama nyuzi 40, yaani maji yanayopendeza bila kuunguza, na kipimo cha kiwiko ni bora kuliko cha vidole kwa sababu vidole vyetu vimezoea moto wa jikoni. Kaa dakika kumi na tano hadi ishirini, ukiongeza maji ya moto kidogo yanapopoa, na miguu itolewe kwanza kila unapoyaongeza. Chumvi na majani si dawa ya ugonjwa wowote, na asiwepo wa kukuuzia kwa madai hayo. Kazi yake ni harufu na ile hisia ya kwamba mchana umefungwa. Asiyetia chumvi anaweza kuyamwaga maji hayo kwenye maboga yake baadaye.

Ukishatoa miguu, ikaushe vizuri hasa katikati ya vidole, ambako unyevu huleta fangasi, kisha uipake mafuta. Yale mafuta ya shea ya kaskazini, ambayo Waacholi huyaita moo yaa, ni mazito na hulainisha nyufa za visigino kwa siku chache. Ukipaka, bonyeza unyayo kwa dole gumba, kutoka kisigino kuelekea vidoleni, polepole, mara kumi kila mguu. Wote waliosimama mchana kutwa, wakiwemo walimu, wauza duka, wapishi na askari wa barabarani, watajua ninachokisema pindi dole gumba litakapofika katikati ya unyayo.

Onyo moja ni la lazima. Mwenye kisukari asiloweke miguu kwenye maji ya moto, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguuni, akaungua bila kujua, na kidonda cha mguu kwake ni jambo la hatari. Yeye aoshe miguu kwa maji yasiyo moto, aikaushe, aikague kila siku, na maji hayo ayapime mtu mwingine.

Chakula cha jioni na kikombe cha chai

Nyumba nyingi za kwetu hula usiku sana. Matoke hufungwa kwenye majani ya migomba na kuachwa juu ya sigiri yaive taratibu, mgeni husubiriwa, na sahani hupakuliwa saa tatu au hata saa nne. Siubezi utamu wa matoke yaliyokaa motoni, ila tumbo lililojaa halipendi kulazwa. Mtu akilala kabla chakula hakijashuka, asidi ya tumboni hupanda kifuani, akapata kiungulia na usingizi wa kukatikakatika. Jitahidi kumaliza kula saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ikiwa familia yako haiwezi kula mapema, basi mlo mkubwa ule mchana, na usiku uchukue sahani ndogo pamoja nao, kwa kuwa kukaa pamoja mezani ni sehemu ya pumziko na sitaki mtu aiache kwa ajili ya saa.

Kuhusu sahani yenyewe, sisi Uganda tukisema chakula mara nyingi tunamaanisha wanga: matoke, posho, wali, viazi vitamu na muhogo vyote mahali pamoja, na mchuzi juu yake. Chagua kimoja au viwili, kijaze robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharage, samaki au mukene, yaani dagaa. Nusu iliyobaki iwe mboga, nasi tuna bahati ya doodo, nakati na sukuma wiki zinazouzwa kila kona kwa bei ambayo karibu kila nyumba huimudu. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kipande cha papai pamoja na vijiko vichache vya mboga havifiki huko. Chumvi, iwe ya Katwe au ya dukani, isizidi gramu tano kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyomo chunguni. Kwa hiyo kile kichupa cha chumvi mezani kiondolewe. Mwenye presha akifanya hilo moja tu ameshafanya kubwa.

Sasa chai. Kafeini iliyomo ndani ya chai na kahawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko tunavyodhani: kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo kwenye damu. Aliyekunywa vikombe viwili vya chai nzito saa kumi na moja jioni anafika saa nne usiku kama mtu aliyekunywa kikombe kimoja wakati huohuo wa kulala. Fanya saa nane mchana kuwa mwisho wa chai ya majani na kahawa, na baada ya hapo unywe tangawizi iliyochemshwa au mchaichai, ambavyo havina kafeini. Sukari nayo ihesabiwe. Kiwango kizuri zaidi ni kutozidi gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko sita vidogo; vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu vimeshapita hapo, na soda moja ya mililita 300 aghalabu ina zaidi ya gramu 30. Mimi nilipunguza nusu kijiko kila wiki, na ulimi ulizoea kabla sijafika mwisho.

Pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha alfajiri na mapema, kwa sababu ini likishaivunja usingizi huwa mwepesi na wa kukatika. Ni hivyo kwa bia, kwa tonto na kwa waragi.

Taa, simu na mazungumzo

Mwanga mkali huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, nao huzuia homoni ya melatonini ambayo ndiyo hufungua mlango wa usingizi. Saa moja kabla ya kulala zima ile balbu nyeupe ya sebuleni, utumie ndogo ya rangi ya manjano, au taa ya sola iliyogeuziwa ukutani. Simu iwekwe kuchajiwa nje ya chumba cha kulala. Anayeitumia kama saa ya kumwamsha anunue saa ndogo ya mezani. Zinapatikana kwenye maduka ya mjini kwa pesa kidogo. Ninasisitiza kwamba simu itoke chumbani kabisa, wala si kuizima tu, kwa maana mkono huifuata gizani bila mtu kukusudia, na taarifa moja ya kundi la ukoo kuhusu michango ya mazishi huweza kumkesha mtu hadi usiku wa manane.

Nafasi inayobaki, ijazeni kwa maongezi. Wakati nilipoacha simu niligundua kwamba mwanangu wa darasa la tano alikuwa na mambo mengi ya kunieleza ambayo hakuwahi kupata pa kuyaweka.

Maongezi haya si anasa. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walikuta watu wengi wenye huzuni nzito ambayo kwa Kiganda waliieleza kwa maneno kama okwekyawa, yaani mtu kujichukia nafsi yake. Badala ya kugawa vidonge, waliwafundisha wenyeji, ambao hawakuwa madaktari, namna ya kuongoza vikundi vidogo vya watu kukutana mara moja kwa wiki na kuzungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, upweke na mabadiliko ya maisha. Baada ya wiki 16 dalili za huzuni zilipungua kwa kiasi kikubwa sana miongoni mwa waliohudhuria, kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo. Nalileta hapa ili msomaji asidhani kwamba kukaa kibarazani na dada, jirani au shemeji na kumweleza kilichokusibu ni kupoteza muda. Tafuta mtu mmoja au wawili wa kusikilizana nao, mkubaliane siku, na siku hiyo iheshimiwe kama inavyoheshimiwa siku ya ibada. Lakini yamalizeni mapema. Habari ya deni au ya ugomvi isifunguliwe saa nne usiku.

Kitandani

Chumba kiwe na giza, kimya kadiri inavyowezekana, na hewa ipite. Chandarua kishushwe na ncha zake zisukumwe chini ya godoro pande zote nne, maana usiku wa kupiga mbu makofi si usiku wa kupumzika, tena malaria bado ipo. Kwa ndugu zetu wa Kabale na Kisoro, ambako baridi ya usiku ni kali, sina budi kusema: usiingize sigiri ya makaa chumbani mkalala nayo mlango umefungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi, au mjaze maji ya moto kwenye chupa ya mpira na kuifunga kwa kitambaa.

Ukishalala chali, fanya mambo mawili.

La kwanza ni misuli. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago, aligundua kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli bila kujua, na kwamba njia ya kumfundisha kuilegeza ni kumfanya kwanza aikaze kwa makusudi ili aitambue tofauti. Anza na miguu: kunja vidole kwa nguvu ukihesabu hadi tano, kisha uviachie ghafla na utulie kwa muda wa pumzi tatu ukihisi uzito unavyoingia. Panda kwenye vigimbi vya miguu, mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mikono, mabega ukiyainua kuelekea masikioni, halafu uso ukiufinya kama aliyetafuna limau. Usikaze mpaka kuuma, na pale penye jeraha au maumivu uparuke. Kwangu mimi mabega ndiyo yaliyonishangaza: nilipoyaachia siku ya kwanza nilihisi yakishuka kutoka mahali ambapo sikujua kama yalikuwa yamepanda.

La pili ni pumzi. Weka kiganja tumboni, vuta hewa kwa pua ukihesabu nne hadi kiganja kiinuke, kisha uitoe ukihesabu sita, polepole, kama anayepuliza uji wa mtoto. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, karibu nusu ya zile za kawaida. Unapotoa pumzi, neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo huupunguzia moyo kasi, ndiyo sababu kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta. Dakika tano zinatosha. Fikra zikija, na zitakuja, usigombane nazo. Rudi kwenye kuhesabu. Wenye kusali au kuleta dhikri kabla ya kulala watagundua kwamba maneno yao, yakisomwa taratibu, yana mwendo huohuo wa pumzi, nao wanaweza kuyatumia badala ya namba.

Ikiwa dakika kama ishirini zimepita na usingizi haujaja, ondoka kitandani. Kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, ufanye jambo la upole kama kukunja nguo zilizokauka, urudi macho yanapokuwa mazito. Anayegaagaa kitandani kwa saa nzima huufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukodoa macho.

Asubuhi

Amka saa ileile kila siku, pamoja na Jumapili, kwa sababu saa ya kuamka ndiyo inayopanga saa ya kulala. Toka nje mapema upate mwanga wa jua kwa dakika kumi hadi ishirini; hata mawingu yakiwa mazito, mwanga wa nje ni mkali kuliko taa za kawaida za ndani. Mchana ukizidiwa, lala dakika ishirini tu, kabla ya saa tisa.

Lini umwone mtaalamu

Mazoea haya hayachukui nafasi ya matibabu. Usingizi ukikukimbia usiku mitatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, ukikoroma kwa kukabwa hadi mwenzako anaogopa, au ukisinzia mchana hata unapoendesha bodaboda, nenda kituo cha afya. Presha ipimwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu mara nyingi haina dalili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa. Nami niliporudi baada ya zile wiki sita ilikuwa imeshuka, lakini muuguzi aliniambia niendelee kuipima, na ninaendelea. Aliyeandikiwa dawa asiziache eti kwa sababu ameanza kutembea na kupunguza chumvi.

Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, kukata tamaa, au wazo la kujidhuru, visifichwe. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na hospitali ya taifa ya Butabika, iliyoko Kampala, imekuwa ikihudumia wagonjwa hao tangu mwaka 1955. Jina la Butabika bado hutumiwa kumtania au kumtukana mtu, na mazoea hayo yamewazuia wengi kutafuta msaada mapema, tuyaache.

Kwa wanaofanya kazi usiku, kama walinzi, wauguzi na madereva wa malori ya Malaba na Busia, jioni yao huanza asubuhi, na mpangilio ni uleule uliogeuzwa. Vaa kofia yenye ukingo mpana unaporudi nyumbani ili jua lisikuamshe, kula kidogo, loweka miguu, na utundike lesu zito au kitambaa cheusi dirishani. Omba watu wa nyumbani wazitambue saa zako za kulala na waziheshimu, na kama kuna watoto, waonyeshe saa ukutani na mshale unapotakiwa kufika kabla hawajagonga mlango.